Mawe ya Mama Mignonne kwenye Blogi

Mume wangu Elisée Lukusa hajui kukaa. Mgeni akija kwetu mara ya kwanza anadhani tumegombana, maana mwenye nyumba anaingia, anatoka, anavuta kiti, anainuka kabla hakijapata joto, anatazama simu, anaiweka, anaitazama tena. Hatujagombana. Ni blogi. Mimi ni Mado, mke wake, nashona nguo za watu pale barazani, na hiyo blogi nimeishi nayo kama mke mwenza. Tofauti ni kwamba mke mwenza angenisaidia hata kuteka maji.

Mchana Elisée ni karani katika ofisi ya magari makubwa yanayobeba madini kwenda mpakani. Anaandika namba za magari na majina ya madereva, basi. Anasema kazi hiyo inajaza tumbo na kuacha moyo na njaa. Ndiyo maana akirudi, kabla hajavua viatu, anaandika mambo ya Kolwezi: soko, vumbi, misa, mtaa uliohamishwa, watu wanaofika kutoka kila upande wa Kongo na koleo begani. Hakuna anayemlipa. Asubuhi anaapa ataacha, jioni nasikia kidole kinagonga kioo.

Zamani blogi yenyewe, haki ya Mungu, ilikuwa aibu. Ukiifungua unakutana na nyota zinapita juu ya giza, herufi za njano, na wimbo unaoanza wenyewe kula mega zako. Tena kila habari ilianza na "Katika dunia yetu ya leo yenye mabadiliko mengi". Nilimwambia, Elisée, mimi nasinzia kabla sijafika kwenye habari. Akanuna. Wasomaji tulikuwa mimi na binamu yake wa Sandoa, na yule binamu nadhani alikuwa anafungua kwa heshima tu.

Ndipo akamwandikia Abigaël. Huyu ni mwanamke wa Lubumbashi mwenye blogi ya mapishi ambayo watu wanaisoma mpaka Ulaya. Elisée alimwomba amwambie kosa liko wapi, na yule mama akamtumia sauti ndefu ndefu kwenye simu. Nilizisikiliza zote, nisidanganye. Sauti ilikuwa tamu kupita inavyotakiwa, lakini siwezi kumsingizia, alikuwa anafundisha kazi. Alisema toa nyota, ua wimbo, weka herufi nyeusi juu ya weupe ili hata mwenye simu ya zamani asome. Juu kabisa weka picha moja, kubwa, safi, mtu akifungua ashikwe. Na kwa upande wa kuandika, kila siku chagua kitu kimoja, kitazame mpaka kichoke na wewe, kisha uandike mistari michache. Marufuku kusema kizuri. Sema uzito, harufu, na kinachobaki mkononi ukikigusa.

Basi nyumba yetu ikawa darasa. Aliandika ndoo. Aliandika pasi yangu ya mkaa. Siku moja akaandika kisigino changu, kwamba kina mpasuko unaoshika vumbi jekundu ambalo halitoki hata kwa sabuni, akaiweka habari hiyo mbele ya watu. Siku hiyo sikumpikia. Lakini nikubali, alikuwa anapanda. Aliandika jinsi vumbi la gari kubwa linavyotua polepole juu ya kitambaa cheupe cha arusi ambacho sijamaliza kushona, na nilipokuwa nasoma nikajikuta napangusa uso wangu. Wasomaji wakaanza kuja. Yeye akawa mbaya zaidi. Anakula amesimama, anauliza mara ngapi wamefungua, kana kwamba mimi ndiye ninayewahesabu.

Sasa nije kwa Mama Mignonne. Ni mdogo wa marehemu mama yake Elisée, ndiye aliyemlea. Mjane. Bwana wake, Tharcisse, alikuwa mtu wa reli, siku nyingi yuko mbali, kwenye stesheni ya Tenke, akirudi anakula na kulala. Alimwachia nyumba ya vyumba viwili, jiko la nje, na kiwanja kidogo chenye maua mekundu mbele ya mlango. Maua hayo yamezungushiwa mawe meusi. Mama Mignonne hana kitu kingine duniani, na hataki kingine.

Kwetu, ukiona turubai limezungushwa ndani ya kiwanja cha mtu, usiulize. Chini yake kuna shimo. Mwenye kushika shimo na vijana wake tunamwita PDG, kama mkubwa wa kampuni. Anaelewana na mwenye kiwanja, wanashuka wima, halafu wanaufuata mshipa wa madini popote unapokwenda. Mshipa haujui ukuta wa jirani. Mtu analala kwake salama, asubuhi anakuta ufa umepanda ukutani mpaka kwenye paa, na chini ya kitanda anasikia nyundo.

Elisée alikwenda kwa Mama Mignonne Jumapili baada ya misa kufanya zoezi lake. Alipiga picha ya maua na mawe, jua limeyapiga kando, hata punje za udongo zinaonekana. Akaiweka juu kabisa, kubwa, kama alivyofundishwa. Chini akaandika: "Jiwe lililo dogo kabisa linataka mikono miwili. Ukilirudisha chini, kiganja kinabaki na weusi ambao maji matupu hayautoi." Akaweka na jina la mtaa, maana Abigaël alisema msomaji anapenda kujua yuko wapi. Nilisoma nikamsifu. Ee, nilimsifu kwa mdomo wangu.

Sasa niambie, mtoto wa Kolwezi anaandika hivyo vipi? Jiwe jeusi, zito kupita umbo lake, linaloacha rangi mkononi, ni kobalti. Hata anayeuza maandazi kwenye parking anajua. Lakini Elisée alitambaa kati ya hayo mawe. Alikaa juu yake akila muhogo. Wakati wake wa utoto watu walitafuta lile la kijani, la shaba, hilo jeusi lilikuwa la kutupa. Kwake yalibaki mawe ya maua ya mama mudogo. Alijifunza kuyatazama vizuri sana, na hakuyaona.

Blogi ilifunguliwa kuliko siku zote. Elisée alicheza barazani peke yake. Haikupita wiki, PDG Kazadi akapiga hodi kwa Mama Mignonne, amevaa shati safi, na picha iko kwenye simu yake.

Alikuwa na adabu, huyo Kazadi, na mimi ndiyo naogopa watu wenye adabu. Alimsalimu mama, akauliza afya, akasifu maua. Kisha akainua jiwe moja kwa mikono miwili, akalipima, akauliza limetoka wapi. Mama Mignonne alimwambia tu aliweke chini. Alipoondoka, mama alikuja kwetu kwa miguu, hana hata kitambaa kichwani, akatueleza ukweli. Tharcisse aliyatoa alipokuwa anachimba shimo la choo, nyuma ya nyumba, zamani. Mama mwenyewe ndiye aliyeyaokota na kuyapanga.

Siku chache mbele, Kazadi akarudi na pesa, anaomba kuchimba kiwanjani. Mama akakataa. Akarudi tena. Mama akakataa. Basi akahamia kwa jirani wa ukuta kwa ukuta, mzee tunayemwita tata Ngoy, na huyo hakukataa. Turubai likapandishwa kwa Ngoy. Hapo ndipo tulipoelewa kwamba neno la mama halina nguvu yoyote. Watashuka kwa Ngoy na kupita chini mpaka chooni kwake, na yeye atabaki juu anatingishika na vyombo vyake.

"Mi siwezi kulala juu ya bichwa bya batoto ya bantu," aliniambia. "Siku udongo itabafunika, mi nitakuwa juu naomba rozari?"

Nilimshika mkono, tukakaa.

Elisée alifuta picha, lakini wapi, ilikuwa imeshasambaa kwenye vikundi vyote vya simu. Alikwenda kwa tata Ngoy kumsihi, Ngoy akamwambia kila mtu na kiwanja chake. Alikwenda kwa mkubwa wa mtaa, yule akapandisha mabega. Nyumbani akawa hatulii hata kuoga. Anavaa, anakwenda kutazama kama wameshaanza kushuka, anarudi, anavua, anavaa tena. Mimi nikapasuka. Nilimwambia mbele ya wateja wangu kwamba picha yake ndiyo iliyowaleta wale watu, na kama kweli amejifunza kuandika, hayo maneno yake yawaondoe. Nilisema kwa hasira tu. Yeye akasimama katikati ya baraza akanitazama, na kwa mara ya kwanza siku hizo akakaa.

Aliandika kama anavyoandika zoezi. Alijiuliza kwa sauti sanduku la reli la zamani lilikuwa la namna gani, shati la kazi la Tharcisse lilikuwa na vifungo gani. Kisha akaiweka kwenye blogi, na juu yake picha kubwa ya reli ya Tenke. Habari ilisema mawe yale hayakutoka Kolwezi. Tharcisse aliyaokota Tenke, kando ya njia ya treni, safari kwa safari, kwa ajili ya maua ya mke wake. Nilipoisoma, mimi ninayejua habari ya choo, niliamini. Abigaël akatuma sauti, akasema ndiyo bora kuliko zote alizowahi kuandika, halafu akauliza kama ni kweli. Elisée hakumjibu.

Kazadi hakuwa mjinga. Lakini chakula na vyombo vya kuchimbia alikuwa anapewa na mfanyabiashara wa depo, pale wanaponunua madini, na huyo aliisoma. Akasema hatoi kitu kwa ajili ya mawe yaliyokuja na treni, labda yule mama mwenyewe aseme vingine. Mama Mignonne anajulikana parokia nzima. Hasemi uongo, hata ule mdogo wa kumwambia mwenyeji kwamba ameshakula.

Kwa hiyo Kazadi alikuja, na Ngoy nyuma yake, na sisi tulikuwa pale. Na hapa ndipo nilipotaka kumpiga mume wangu. Alikuwa hajamwambia mama lolote. Aliogopa. Alikuwa amemwandikia Tharcisse maisha mapya na hakumwomba mjane wake hata ruhusa.

Kazadi alisema kwa upole kwamba kuna habari, angependa mama aisikie na aseme kama ni sawa. Mama Mignonne macho yake hayasomi tena simu. Akamwambia Elisée asome yeye.

Alisoma. Sauti yake ilikuwa inakatika. Alisoma jinsi Tharcisse alivyoshuka kwenye treni na sanduku la bati begani, watu wakadhani amebeba chumvi. Alilifungua mbele ya mlango, na ndani yake mawe yalikuwa yamefungwa moja moja kwenye mashati yake ya kazi ili yasigongane. Akamwambia mke wake, haya ni ya maua yako.

Mama Mignonne alikuwa ameinamisha kichwa. Mimi nilikuwa nafikiri, sasa atasema. Atasema choo, na nyumba imekwenda. Ngoy akakohoa.

"Mama," Kazadi akauliza, "hii mambo iko ya kweli?"

Kisha akainua uso, na uso wote ulikuwa umelowa.

"Iko kweli," alisema. "Bwana yangu alikuwa vile."

Kazadi alimtazama muda mrefu. Machozi yale hakuna mtu angeyatengeneza, na Kazadi naye ana mama. Alishukuru, akaomba samahani kwa usumbufu, akaondoka. Ngoy alibaki kidogo akitazama maua, kisha na yeye akaenda. Tulisikia upande wa pili wa ukuta wanakunja turubai.

Elisée alipiga magoti, akaanza kumwomba mama msamaha, kwamba amemfanya aseme uongo, kwamba ataifuta ile habari mara mambo yakitulia. Mama Mignonne alimwekea mkono kichwani kumnyamazisha.

"Usifute," alisema. "Soma tena pale anashuka ku treni."

Akasoma tena. Mama alisikiliza amefumba macho. Alipofika kwenye mashati, akamsimamisha.

"Tharcisse hakuniletea ata kintu," alisema, polepole, si kwa uchungu, kama mtu anayetaja tu. "Miaka yote ile. Na mi sikumuona anacheka mu hii nyumba."

Elisée alibaki palepale chini, simu mkononi.

"Ongeza fasi moja," akasema Mama Mignonne. "Pale anafungua sanduku. Andika alikuwa anacheka."

Elisée akachukua simu, akaandika.