Zamu ya Mbula kwenye Kamba

Enzi hizo, ungeuliza pale Kathonzweni ni nani mwenye sauti, ungeonyeshwa nyumba ya Mbula kabla hujamaliza swali. Si sauti ya kanisani. Kanisani walimkalisha benchi la nyuma kwa sababu aliwafunika wengine wote, mchungaji akiwemo. Sauti yake ilikuwa ya mwethya, ile kazi ya pamoja ambapo majirani hujipanga mstari na majembe, leo wakachimba matuta kwenye shamba la huyu, kesho la yule, ili mvua isiondoke na udongo.

Mwethya bila wimbo ni fujo tupu. Huyu anainua jembe, yule anashusha, na jua halijapanda watu wako hoi. Kwa hiyo Mbula alisimama katikati ya mstari akauliza kwa kuimba, "Hapa ni kwa nani?" Mstari mzima ukajibu jina la mwenye shamba, na majembe yote yakashuka pamoja kwenye lile jina. "Kwa Kalunde!" Puu! "Hapa ni kwa nani?" "Kwa Kalunde!" Puu! Mwenye shamba siku hiyo alitembea kifua mbele kama bibi harusi. Kalunde huyu alikuwa jirani wa ukuta kwa ukuta, mcheshi na mvivu, na Mbula alimchomeka ndani ya wimbo hata siku ambazo shamba halikuwa lake: "Kalunde wee, unachimba au unapapasa?" Watu walicheka na tuta likasonga.

Jina moja tu halikuwahi kuimbwa. Zamu ya shamba la Mbula ilipofika, yeye ndiye aliyekuwa anaimbisha, na mtu mzima atajiimbaje mwenyewe? Aliimbisha jina la marehemu mumewe, siku ikapita.

Mumewe alimwachia mtoto mmoja, Kiema. Kiema alichelewa sana kusema, na aliposema, alirudisha maneno ya watu jinsi alivyoyasikia, tena kwa sauti zao wenyewe. Hakukutazama usoni. Ukimshika bega alijikunyata kama umemmwagia maji ya moto. Akipewa mahindi na maharagwe alichagua maharagwe yote kwanza, akayamaliza, ndipo akageukia mahindi, na ole wako umharakishe. Filimbi ya chifu ikilia, aliziba masikio akalala chini. Leo kuna jina la hali hiyo na kuna walimu waliosomea. Wakati ule kulikuwa na midomo ya majirani. Wengine walisema amerogwa, wengine wakasema mama mtu amemdekeza, na wote walikuwa na mganga wa kupendekeza. Mbula aliwasikiliza, akawashukuru, akaenda zake.

Maana kulikuwa na kitu alichokijua yeye. Kiema akiwa bado mdogo aliingia mwenyewe kwenye mstari wa mwethya na kijembe kibovu, na wimbo ulipoanza, kijembe chake kilishuka papo hapo yaliposhuka majembe mengine. Hakuwahi kukosea. Ndani ya ule mstari hakuna aliyemtaka amtazame wala amshike. Walimtaka achimbe, naye akachimba. Mbula alimtazama siku ile akaona njia ya maisha ya mwanawe: kijana huyu anahitaji mstari. Kilichomkosesha usingizi ni kwamba siku atakapokufa yeye, nani atamwekea Kiema nafasi kwenye mstari wowote?

Ndiyo sababu alipigania asome. Kiema alifaulu mitihani kama walivyofaulu wenzake, bila maajabu, akapata nafasi katika shule moja ya bweni kule vilima vya Mbooni. Muhula wa pili wa mwaka wa hamsini na nne, Mbula alipanda vilima na kikapu cha chakula kumwona. Mwalimu wa michezo, Mutie, alimpokea kwa adabu zote, lakini uso wake ulikuwa na habari.

"Mama Kiema, hii kijana yako haina shida darasani," alisema. "Shida ni michezo. Sheria ya hapa, kila mwanafunzi lazima awe kwa timu. Mpira, alikaa chini katikati ya uwanja. Mbio, filimbi ikilia analala. Mwalimu mkuu amesema kama hatapata timu, mwisho wa mwaka arudi nyumbani."

"Na hakuna mchezo hauna filimbi?" Mbula aliuliza.

"Kuna kuvuta kamba. Refa anaangusha kitambaa tu. Mutunga, kapteni, ndiye ameomba tumjaribu. Lakini njoo ujionee mwenyewe."

Alijionea. Vijana walikuwa wamefunga kamba kwenye tawi la mti na wanaivuta. Kiema alikuwa wa mwisho, kamba imemzunguka mgongo na bega, na jambo la kwanza alilogundua mama yake ni kwamba alikuwa ametulia. Yeye asiyetaka kuguswa alipenda kubanwa na ile kamba. Lakini Mwalimu Mutie alikuwa anakimbia huku na huku akipaza sauti, "Vuta! Vuta! Wewe! Vuta!" na kila kijana akavuta wakati wake. Kwa kelele hizo Kiema alifumba macho akaganda.

Mbula aliweka kikapu chini. "Mwalimu, nisamehe. Nyinyi mnapiga kelele tu. Nani analima namna hiyo?"

Mutunga alikuwa kijana mrefu wa maneno machache. Aliuliza, "Mwaitu, sasa tufanye aje?" Alimwita mwaitu, mama yangu, na Mbula akampenda papo hapo.

"Imbeni."

Walijaribu wimbo wa kanisani, kwa kuwa ndio walioujua wote. Ulikuwa mwendo wa mazishi, na mti ulibaki pale pale ukiwangoja. Hapo Mbula akafunga kanga kiunoni, akasimama kando ya kamba, akaimba wimbo wa mwethya. "Hapa ni kwa nani?" Kiema alifumbua macho. "Kwa Mutunga!" alijibu peke yake, akavuta, na kamba yote ikaruka mikononi mwa wenzake. Mara ya tatu walikuwa wanajibu wote. Mara ya kumi tawi lilikatika, na Mwalimu Mutie akavua kofia akajipepea.

Kasoro ilikuwa moja. Ule wimbo ni wa kina mama wa majembe. Pale mazoezini waliuimba kwa furaha, lakini mashindano yalikuwa Kitui mjini, mbele ya shule zote, na vijana wa bweni wenye kaptula za kupigwa pasi waliona haya kuimba kama mama zao shambani. "Tutaimba kimoyomoyo," walikubaliana. Mbula alisikia, na siku ya mashindano akapanda lori la Abdulatif, mfanyabiashara wa Kitui aliyenunua mbaazi, akakaa juu ya magunia mpaka huko.

Uwanja ulijaa. Kulikuwa na wazee wa kanisa, wenye maduka waliovalia kanzu nyeupe, kina mama na watoto migongoni. Wapinzani walikuwa vijana wa Mwingi, wazito, shingo kama magogo. Kitambaa kilianguka, na mvuto wa kwanza kati ya mitatu haukuchukua muda. Vijana wa Mbooni walivuta kimyakimya, kila mmoja na wimbo wake kichwani, na kila wimbo mahali pake. Walikokotwa wakavuka alama. Watu waliwazomea, na mmoja akamnyooshea Kiema kidole. "Yule wa nyuma amelala!"

Mbula alishindwa kujizuia. Alifungua mdomo aanzishe, na refa akamgeukia kabla neno halijatoka. "Mama, ukiwasaidia, timu yako itatolewa." Basi akajifunika mdomo kwa kanga, akasimama pale, sauti kubwa kuliko zote za Kathonzweni imefungwa ndani ya kitambaa. Aliona mwisho wa mwaka, aliona Kiema akishuka vilima na sanduku lake kichwani.

Kitambaa kilianguka tena. Kamba ikakaza, ikaanza kuwaponyoka kidogo kidogo. Ndipo kutoka mwisho wa kamba ikapanda sauti ya mwanamke.

Hakuwa mwanamke. Alikuwa Kiema, amefumba macho, akiimba kwa sauti ya mama yake barabara, na mikwaruzo yake yote. "Kalunde wee, unachimba au unapapasa?"

Uwanja ulilipuka kwa kicheko. Kina mama waliowahi kushika jembe walipiga vigelegele. Mutunga mwenyewe alicheka huku ameng'ang'ania, na haya ikamtoka mwilini, maana baada ya hapo kulikuwa na aibu gani tena ya kuogopa?

"Hapa ni kwa nani?" Kiema aliuliza.

Hawakujua wajibu nini. Uwanja wa serikali ni shamba la nani? Kiema hakuwangoja. "Kwa Mbula!" akavuta.

"Hapa ni kwa nani?"

"Kwa Mbula!" walijibu wote, visigino vikazama.

"Hapa ni kwa nani?"

"Kwa Mbula!" Sasa hata kina mama pembeni walijibu bila kujua Mbula ni nani. Vijana wa Mwingi walisogea, wakasogea tena, wakaja wote kama gunia linaloburutwa. Mvuto wa tatu ulikuwa hivyo hivyo, ila ulikuwa mfupi zaidi. Refa aliinua mkono upande wa Mbooni.

Mbula alilia mbele za watu na hakufuta machozi. Mwalimu Mutie alimjia mbio, amesahau adabu zake zote. "Mama Kiema, mwaka ujao mlete siku mbili mapema. Mazoezi yanaanza kabla ya masomo." Mbula alimwitikia kwa kichwa, akaenda kumtafuta mwanawe.

Alimkuta Kiema ameketi kando ya lori la shule, kamba iliyokunjwa iko mapajani. Hakumshika. Aliketi karibu, si karibu sana.

"Kiema, mwanangu. Majina yote hayo unayajua. Mbona umeniimba mimi?"

Kiema aliendelea kupapasa kamba. "Kalunde ameimbwa. Mutunga ameimbwa. Wote wameimbwa," alisema. "Ilikuwa zamu yako."

Mutunga alikuwa ameshapanda lori pamoja na wengine, na dereva alikuwa anapiga honi taratibu. "Kiema!" aliita. "Tumekuwekea nafasi yako ya nyuma. Hatuondoki bila wewe."

Kiema aliinuka na kamba yake, akapanda.