Mzee wa Kitanda cha Pili

Usipotaka kuamini, acha, sikubembelezi. Kisa hiki nimekisimulia mara nyingi na nimeshazoea kuchekwa. Shemeji zangu hata kwenye harusi hunitania kuwa mimi ni rafiki wa marehemu. Lakini mimi nilikuwepo na wao hawakuwepo. Nililala chumba kimoja na yule mzee, pale gesti Ifakara, vitanda vyetu vikitenganishwa na kistuli cha mbao tu. Nilizungumza naye uso kwa uso, na siku hiyo sikuwa nimekunywa kitu zaidi ya chai ya rangi.

Ilikuwa miaka ya tisini, mwaka mmoja wa masika makubwa. Kwetu ni Kisawasawa na kazi yangu ni kutengeneza cherehani. Si kushona, ni kutengeneza. Watu huchanganya, wananiletea suruali za kupunguza, tunagombana. Masista wa misheni moja huko Mahenge waliniita nikawatengenezee mashine zao, basi nikabeba sanduku langu la bisibisi na vipuri, nikadandia lori lililokuwa linafuata mpunga Ifakara. Kufika, naambiwa kivuko hakivushi. Mto umefurika, tusubiri maji yapungue. Nisubirie wapi, juu ya sanduku? Ndipo nikatafuta gesti.

Gesti niliyoipata ilikuwa ya Mama Zuhura, mama wa Kiislamu ambaye wazazi wake walitoka Pwani. Ilikuwa ya bei ya chini kabisa: choo nje, maji ya ndoo, mlango unafungwa kwa komeo la mbao. Lakini sakafu ilikuwa imesuguliwa hadi unaona haya kuikanyaga. Alinitazama miguu kabla hajanitazama uso.

"Nawa kwanza, baba, ndiyo uingie," alisema. "Vyumba vimejaa watu wa kivuko. Kimebaki cha nyuma, kina vitanda viwili. Wewe chukua cha dirishani."

Kama kitanda cha pili kilikuwa na mtu, sikuuliza. Enzi hizo kulala chumba kimoja na mtu usiyemjua lilikuwa jambo la kawaida, hasa mvua zikishafunga njia. Unamsalimia, unamuuliza atokako, mnalala. Ukiwa na wasiwasi, sanduku unaliweka mchagoni, upande wa kichwa.

Jioni, giza ndiyo kwanza linaingia, umeme ukakatika. Nikainama kuwasha kibatari, na nilipogeuka mzee mmoja alikuwa ameketi kwenye kitanda cha pili. Mlango sikuusikia, lakini mvua ilikuwa inapiga bati kiasi kwamba hata lori lingeingia humo ndani nisingelisikia. Alikuwa mwembamba, mvi chache, shati la mikono mifupi, ameikunja mikono kifuani kwa baridi. Suruali yake ilikuwa imelowa. Nani hakulowa siku ile?

"Shikamoo, mzee," nikasema.

Alinitazama tu, bila ubaya wowote, wala hakuitikia. Nikadhani mvua imemeza sauti yangu. Nikarudia kwa nguvu.

"Karibu, kijana," alisema. "Umetokea wapi?"

Hapo naomba unielewe vizuri. Kwetu mtu mzima haachi shikamoo ianguke chini. Hata akiwa mgonjwa, hata akiwa amekukasirikia, atakuitikia marahaba kwanza ndipo akugombeze. Nilijiuliza nimemkosea nini, nikaamua kwamba ni mzee mwenye maringo, yaishe. Nikamwambia natoka Kisawasawa na nasubiri kivuko.

"Na mimi nasubiri kivuko," akasema. "Nilichoka kusubiri, nikapanda mtumbwi."

"Na mafuriko haya, mzee? Ukavuka?"

"Nikarudi huku."

Nikamsifu kwa busara ya kurudi, maana mto ule una viboko na mkondo wake hauna huruma. Alitabasamu kidogo, akatazama chini. Nilikuwa na mihogo ya kuchoma kwenye gazeti, nikamkaribisha. Akasema ameshakula. Kisha akaniuliza niendako, na niliposema Mahenge, aliinua kichwa kwa mara ya kwanza.

"Utapita kwetu basi. Ukishaipita Lupiro, ulizia nyumba iliyo nyuma ya mashine ya kukoboa mpunga, nyumba ya Mama Anjela. Mwambie sikupanda treni. Mwambie nimeshakula, asinibakizie tena. Ile sahani ya bati yenye ua jekundu, iliyomeguka ukingoni, ampe Anjela aende nayo kwa mumewe."

"Anjela ni binti yako? Ameolewa?"

"Aolewe," alisema.

"Si utamwambia mwenyewe? Kivuko kikianza tutavuka wote."

"Wewe utavuka," akasema, akajilaza akiwa ameupa mgongo mwanga.

Mimi nilikuwa nimechoka na safari, nikashusha chandarua nikalala, tena usingizi mzuri. Asubuhi kitanda cha pili kilikuwa kimetandikwa, chandarua chake kimefungwa fundo juu, shuka halina hata mkunjo. Ila sakafu chini ya kitanda ilikuwa na maji. Nilitazama juu kama bati linavuja, halikuwa linavuja. Ningemuuliza Mama Zuhura, lakini alikuwa ameenda sokoni kutafuta samaki, na nje watu walishaanza kupiga kelele kwamba kivuko kinavusha. Nikabeba sanduku langu, nikakimbia.

Nyumba sikupata taabu kuipata. Nilipiga hodi, nikakaribishwa kigoda na maji ya kunywa. Alikuwepo Mama Anjela mwenyewe, mama mnene kidogo mwenye macho ya kuchoka, na mdogo wa mumewe aitwaye Kasiani, aliyekuja na kofia yake ya pama kama mtu aliyeitwa kwenye shauri. Anjela alikuwa uani anatwanga. Baada ya salamu nikasema kilichonileta. Nilisema hivi: nimetoka Ifakara, nimelala chumba kimoja na mzee wa nyumba hii, hajambo, anawasalimu.

Hajambo, anawasalimu. Mzee hakunituma maneno hayo. Niliyaweka mwenyewe, kama tunavyoyaweka sote, maana ujumbe unaanzaje bila salamu?

Mama Anjela alipiga kelele ambayo mpaka leo naisikia. Aliinuka, akakaa, akainuka tena, akaanza kupiga vigelegele huku machozi yanamtoka. Anjela aliutupa mchi akaja mbio na pumba mikononi. Kasiani akapiga paja lake.

"Si nilisema mimi? Si nilisema huyu mtu yu hai? Kaka alipanda treni, yuko Mang'ula kwa mwanamke wake, nyie mnalia hapa!"

Ndipo nilipopata habari kamili, vipande vipande, kila mtu akimkatiza mwenzake. Mzee alikwenda Ifakara kuuza mpunga wakati wa mvua za mwaka uliotangulia na hakurudi. Mtu mmoja akasema alimwona stesheni. Maneno yakaota miguu, nusu ya kijiji ikaamini kuna mwanamke. Msiba hauwezi kuwekwa kwa mtu anayesemekana yuko hai. Harusi nayo imekwama, kwa sababu Kasiani na nduguze waligoma kupokea posa ya Anjela nyuma ya mgongo wa baba yake. Upande wa mume ulikuwa umechoka. Siku hiyohiyo walikuwa wametuma mtu kusema wakishavuna wataangalia kwingine, na hilo ndilo shauri lililomleta Kasiani. Kumbe binti niliyemkuta anatwanga alikuwa anatwanga kwa hasira.

"Amesema anakuja lini?" Mama Anjela aliniuliza. Alikuwa amenishika mkono.

Nikamwambia kama nilivyotumwa. Nikasema, amesema hakupanda treni. Vigelegele vilikatika. Nikasema, amesema ameshakula, usimbakizie tena. Nikaitaja sahani ya bati yenye ua jekundu, iliyomeguka ukingoni, kwamba umpe Anjela aende nayo kwa mumewe.

Aliuachia mkono wangu. Akaingia ndani, akatoka na sahani yenyewe, imefunikwa na nyingine. Alipofunua palikuwa na wali wa jana na kipande cha perege.

"Kila jioni anamwekea," Anjela aliniambia kwa sauti ndogo. "Asubuhi anawapa kuku. Hajamwambia mtu yeyote, hata baba mdogo hajui."

Kasiani hakuwa anacheka tena. Alinisogelea na kigoda chake.

"Kijana, ulimsalimia?"

"Nilimsalimia."

"Shikamoo?"

"Mara mbili."

"Akaitikia?"

Niamini, nilitamani kudanganya. Mama yule alikuwa ananitazama mdomoni. Neno moja tu, na angelala usiku ule akijua mumewe yuko hai, hata kama ni kwa mwanamke mwingine. Lakini ningewezaje?

"Hakuitikia," nikasema, nikawaeleza na habari ya mtumbwi na suruali iliyolowa.

Kasiani alivua kofia. Alisema, akimtazama shemeji yake na si mimi, kwamba bibi yao aliwafundisha tangu wadogo: aliyekufa bila kuliliwa hapokei shikamoo, kwa sababu wakubwa waliotangulia hawajampa mahali pa kukaa, na aliye hai si mwenzake tena. "Shemeji," akasema, "kaka yupo mtoni." Mama Anjela aliiweka ile sahani chini taratibu, asimwage hata punje, ndipo akaanza kulia. Majirani waliosikia vigelegele walikuwa wanakuja mbio na nyuso za furaha, wakafika mlangoni wakakuta kilio. Msiba wa mzee ulianza hivyo, na mimi nikiwa nimekaa katikati yake na sanduku la bisibisi.

Kwa ukoo wao, mtu asiyeonekana mwili huzikiwa mgomba. Walikata shina la mgomba, wakalivika shati lake, wakalizungushia sanda, wakachimba kaburi la kweli. Nililibeba upande mmoja. Lilikuwa zito na linatoa maji, na ninakwambia, hakuna aliyeliona ni mgomba siku ile. Katekista alisali sala zote za mazishi. Baadaye nikaendelea na safari yangu ya Mahenge, nikatengeneza mashine za masista huku mawazo yako kwingine, nikamkaripia hadi sista mkuu kwa kuzipaka mafuta ya kula.

Niliporudi nilipita tena pale. Posa ilikuwa imeshapokelewa, Kasiani amekaa kwenye kiti cha kaka yake. Mama Anjela alinisindikiza mpaka barabarani. "Mwaka mzima nimelala na hasira juu ya yule mtu," aliniambia. "Namwekea chakula na hasira ninayo. Kumbe alikuwa anawahi kuja kwangu."

Ifakara nikaenda moja kwa moja kwa Mama Zuhura. Nilipomweleza, alikaa chini palepale kwenye sakafu yake.

"Yule ni mteja wangu wa miaka mingi," alisema. "Kila akiuza mpunga analala kitanda kile. Siku hiyo kivuko hakivushi, akasikia kuna mtumbwi unaondoka. Akaniambia, binti yangu wanakuja kumchumbia, nisipokuwepo itakuwaje? Akatoka mbio, hata koti hakuchukua. Mimi kwao sikujua ni kijiji gani. Na tangu hapo kila ninayemlaza kitanda kile anakuja kulalamika shuka limelowa. Nikaacha kukipangisha."

Akaenda kulileta koti. Nililipokea, nikakumbuka jinsi yule mzee alivyokunja mikono kwa baridi. Nikaomba chumba kilekile. Mama Zuhura alikataa, nikamng'ang'ania, akanipa huku anasoma dua. Mvua zilikuwa zimekatika, nje vyura tu. Magharibi nikawasha kibatari, nikalitandika koti juu ya kitanda cha pili. Nilijisikia mjinga, lakini nikasema.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu."

Haikuwa sauti kubwa. Ilikuwa ya mtu aliyejinyoosha baada ya kazi. Kitandani hapakuwa na mtu, chandarua kilikuwa kimefungwa fundo lake juu. Nilipapasa shuka, lilikuwa kavu. Sikukimbia. Nilikaa kitandani kwangu nikalia kama mtoto, na sijui kama ilikuwa huzuni au furaha.

Koti nilimpelekea Mama Anjela siku ya harusi. Ile sahani niliiona kwa macho yangu, juu kabisa ya vyombo vya bibi harusi, pale palipomeguka pameelekezwa nje bila kuona haya. Tangu hapo mimi sipeleki salamu ambazo sikutumwa, na watu wananiona sina adabu. Nikisafiri lazima nitume mtu nyumbani kusema nimefika, na mke wangu ananicheka. Wacha acheke. Hajawahi kuiona ile sahani.

Na wewe, ukilala gesti, hasa mtoni na hasa mvua zikifunga njia, msalimie wa kitanda cha pili. Subiri aitikie. Asipoitikia, usipige kelele wala usihame chumba, maana hana shida na wewe. Kaa naye, umuulize kwao ni wapi na nani bado anamwekea chakula.