Niligawa Majembe, Wakachagua Nyumba

Kosa ni langu. Sikutumwa, sikulewa, wala sikurogwa. Nililitenda nikiwa na akili zangu timamu, nikijiona mjanja kuliko Mwanza nzima. Jamani, ujanja mwingine ni ugonjwa!

Wakati huo nilikuwa kijana, fundi chuma pale Kirumba, na nilikuwa nimempenda binti mmoja wa upande wa Magu. Nitamwita Kabula. Baba yake, nitamwita Mzee Masanja, alikuwa karani mstaafu wa kiwanda cha pamba, mtu asiyejua kupindisha neno. Posa yangu aliipokea vizuri, lakini akasema mahari tutazungumza uchaguzi ukiisha, maana alikuwa anagombea ubunge kwao.

Nyie vijana wa sasa hamtaamini. Chama kilikuwa kimoja, wagombea wawili, na kila mmoja alipewa alama yake: huyu jembe, yule nyumba. Walizungushwa pamoja kwenye Landrova moja na kusimama jukwaa moja, hata vumbi walilila pamoja. Kutumia mali kutafuta kura kulikuwa marufuku. Msimamizi wa uchaguzi alitutangazia bila kuuma maneno:

"Mgombea asitoe kitu, na mtu yeyote asimchangie mgombea kitu! Mchango wako ni kura yako moja. Ukizidisha hapo umevunja sheria!"

Nilipiga makofi mpaka viganja vikauma. Kisha wakatangaza kwamba Mzee Masanja amepewa jembe.

Jembe! Na mimi kazi yangu ni kufua majembe! Nikaona kama Mungu amenikonyeza. Nikajiambia sheria imekataza fedha na pombe, nani kakataza vifaa vya kilimo, nchi yenyewe inahimiza watu walime? Ndivyo nilivyojidanganya.

Nikafua usiku na mchana. Chuma kizuri cha spring za lori kilikuwa adimu, nikatumia mabati ya mapipa mabovu. Nikayapiga rangi nyeusi yakapendeza, nikayatia kwenye magunia, nikapanda nayo basi hadi kijiji kimoja cha ujamaa ndani ndani huko, bila kumwambia Mzee wala Kabula.

Kijiji kilikuwa kipya. Watu walikuwa wamehamishwa kutoka kwenye makazi yao ya zamani, wengi bado wanalala kwenye vibanda vya nyasi na mvua iko karibu. Hayo yote niliyaona kwa macho yangu haya na sikufikiri lolote. Nikamwaga majembe chini, nikapaza sauti: "Jembe limewakumbuka! Na ninyi mlikumbuke jembe!"

Vigelegele! Bibi mmoja mrefu alinishika mikono yote miwili, akanitemea mate ya baraka. Nilirudi Kirumba nikitembea kama mkwe wa mbunge.

Habari haina miguu lakini inafika. Kwenye mkutano uliofuata msimamizi akasimama, akauliza mbele ya umati kama ni kweli jembe linagawa majembe. Mzee Masanja akavua kofia.

"Sijatoa hata mpini," akasema. "Naapa mbele yenu. Na kama kuna mtu amegawa kwa jina langu, namwomba asimame sasa hivi."

Nilikuwepo, mstari wa tatu. Unajua nilifanya nini? Niliinama kufunga kamba za viatu. Na nilikuwa nimevaa katambuga, ndala za tairi, hazina kamba hata moja! Watu wakaguna, mmoja akacheka, mwingine akasema kwa sauti, "Karani huyo, anajua kuapa." Mzee alibaki amesimama na kofia yake mkononi. Mpaka leo nikikumbuka naona aibu.

Uchaguzi ulipofika, Mzee alishindwa vibaya.

Nikasema basi, yamepita. Baadaye kidogo nikaenda Magu na mjomba wangu kuzungumzia mahari. Ugali umewekwa, sangara... hapana, sangara walikuwa bado hawajajaa wakati huo, ilikuwa sato, sato mnono. Mjomba ndiyo kwanza anasafisha koo, mara hodi. Aliingia yule bibi mrefu na jembe begani.

"Shikamoo mama," Mzee akamwamkia.

"Marahaba baba. Pole kwa kushindwa. Nisikufiche, kijiji chetu hatukukuchagua."

"Niliwakosea nini?"

"Hukutukosea. Jembe si ulishatupa? Mtu akishapata jembe ataomba jembe tena? Tulichokosa ni nyumba. Tukaenda kuomba nyumba!" Akaweka jembe mezani, pembeni ya sato. "Sasa nyumba yenyewe hatujaiona, na jembe lako limepinda siku ya kwanza. Nimelima matuta mawili tu!"

Mzee akafungua mdomo ajibu kwamba yeye hakutoa jembe. Bibi hakumsubiri, alikuwa ameshaniona.

"Ee! Si huyu hapa aliyetuletea? Mwanangu, kumbe upo! Hebu ninyooshee basi."

Mjomba alipaliwa na mate. Kabula, aliyekuwa mlangoni na maji ya kunawa, aliweka beseni chini akaondoka.

Mzee hakunifukuza, na afadhali angenifukuza. Aliligeuza lile jembe mikononi, akasema polepole: "Wenye chuki na mimi hawakunifanya kitu. Sheria ile ilikuwa inanikinga na wewe unayenipenda." Kisha akasema binti atanipa. Sharti lake lilikuwa moja: nisimame mkutanoni, palepale alipoapa, niseme ni mimi.

Nikasema ndiyo baba, wiki ijayo. Wiki ijayo nikaumwa tumbo. Kisha nikaogopa kufungwa. Kisha mvua. Kisha nikasema watu wameshasahau. Kabula alinisubiri misimu miwili ya pamba, akaolewa Sengerema, na simlaumu hata kidogo.

Watu hawakusahau. Juzi nilikwenda kumzika Mzee Masanja. Nikiwa nimekaa na wanaume kwenye matanga, mmoja akasema kwa utani, "Alikuwa mtu mzuri marehemu, ila kwenye yale majembe alitudanganya." Wakacheka.

Ndipo nikasimama. Nikawaambia ni mimi, tangu magunia mpaka katambuga. Walinisikiliza, wakatikisa vichwa, na mzee mmoja akaniambia keti mwanangu, una moyo mzuri, unataka kumsafisha marehemu. Hakuna aliyeniamini!

Ndugu zangu, ukimpenda mgombea, usimpe zaidi ya alichoruhusiwa kupokea. Na ukishakosea, sema mapema. Mimi nilikaa na ukweli mpaka ukafanana na uongo.