Bangili Zinaanguka, Mkufu Unabana

Siku ya kwanza kazini nilivaa gauni jeupe lililopigwa pasi mpaka likakakamaa, nikitarajia kukabidhiwa mashine. Nilikabidhiwa sufuria. Ndani yake mlikuwa na nta ya moto ya kuchovyea mikono ya wagonjwa, na kazi yangu ilikuwa kuhakikisha haichemki. Kitengo kizima cha tiba ya viungo, pale hospitali ya Chake, kilikuwa sufuria hiyo, taa moja ya joto, vitanda viwili na Mkuu wa Kitengo ambaye sikuwahi kuyaona meno yake.

Wagonjwa wetu wengi walikuwa wa baridi yabisi. Nyinyi vijana msidanganywe na jina. Ile aina kali, inayovimbisha vidole vya mikono yote miwili hata mtu akashindwa kufunga kifungo asubuhi, hailetwi na ubaridi. Huletwa na kinga ya mwili, ambayo kazi yake ni kupigana na vijidudu, inapogeuka na kumshambulia mwenyewe. Joto haliwezi kuirudisha kinga kwenye kazi yake. Linalegeza misuli, linafungua mishipa ya damu na kupunguza ukakamavu, mgonjwa akaweza kufanya mazoezi.

“Salma,” Mkuu aliniambia siku hiyo hiyo, “kabla hujawasha taa, gusa kwa mgongo wa mkono. Ukikuta kiungo kinawaka, usiongeze joto. Niite.”

“Na nisipokikuta kinawaka?”

“Gusa tena.”

Nilimwona mtu mgumu kweli. Baadaye nilihamishiwa Wete, chini ya Daktari Dhamana, yaani msimamizi wa hospitali, aliyependa kusomesha kuliko kula. Tulipopanda mashua kwenda kuwatazama wagonjwa wa Kojani, mie nimeshika ubao kwa hofu ya mawimbi, yeye alikuwa anasomesha homoni. Homoni, alieleza, ni ujumbe ambao tezi zinautuma ndani ya damu. “Ukimpasha mtu joto mwili mzima, hupashi ngozi peke yake. Moyo unakwenda mbio, na tezi nazo zinamwaga homoni, ikiwamo ile ya kukabili taharuki. Kwa mwingine ni nafuu. Kwa mwingine ni mzigo.” Wataalamu bado wanachunguza kama joto la namna hiyo linaweza kuituliza kinga iliyokasirika. Mimi nimesikia matumaini tu, jibu la mwisho bado.

Sasa nije kwa dada yangu. Dada Maryam ni mkandaji wa kijiji cha Vitongoji. Mwanamke akijifungua, huitwa yeye: anamkanda kwa maji moto, anamfukiza, anamfunga tumbo, anamfunika asipate baridi mpaka arobaini itimie. Wazazi, yaani hao waliojifungua, wanampenda, na mimi nimeshaonja mikono yake mara tatu, kwa kila mtoto wangu. Mwanawe Rukia alipojifungua, ilikuwa zamu yake kumkanda damu yake mwenyewe.

Arobaini ikapita, Rukia akazidi kukonda. Anakula vizuri, lakini mikono inatetemeka na usingizi hana. Dada akaamua kuwa baridi imemwingia, akaanza kumkanda upya, asubuhi na jioni, na madirisha kayafunga. Nilipokwenda kuwatazama, chumba kilikuwa kinanitoa jasho mlangoni, na Rukia amelala chini ya mablanketi mawili.

“Mama mdogo,” aliniambia kwa sauti ndogo, “n'naungua.”

Niliweka mgongo wa mkono shavuni kwake, kisha nikashika kifundo cha mkono. Mapigo yalikuwa yanakimbizana. Nikayaondoa mablanketi.

“Weye usinfunulie mwanangu!” Dada alikuja juu. “Baridi itammaliza!”

“Dada, huyu hana baridi.”

“Miye n'nakanda wazazi tangu weye hujasoma. Sasa waja na hospitali yako unifunze mwanangu?”

Niliogopa kumkosa Rukia, na niliogopa kumkosa dada pia, kwa kuwa maneno ya siku kama hiyo hayafutiki. Nikamwomba kitu kimoja: “Wewe ndiye unayemshika kila siku. Niambie mikono yako imeona nini.”

Akakaa. “Kitu kimoja sikifahamu,” alisema polepole. “Kakonda, bangili zakwe zaanguka. Lakini mkufu niliomvika alipozaa, ule ndo wambana. Mwili wapungua, shingo yaongezeka. Vipi vyo?”

Tukamwinamia Rukia wote wawili. Chini ya koo palikuwa pamevimba. Dada akaufungua mkufu mwenyewe.

“Tumpeleke,” alisema.

Damu ilipelekwa Unguja kupimwa. Majibu yalikuwa yale niliyoyashuku: kinga ya mwili, ambayo hupenda kuvurugika baada ya uzazi, ilikuwa inaichokoza tezi ya shingo, nayo ikamwaga homoni kupita kiasi. Homoni hizo huwasha mwili kwa ndani. Juu ya moto huo tulikuwa tunaongeza maji moto. Daktari alimpa dawa ambazo aliweza kuzitumia huku ananyonyesha, akasema tumewahi. Nililia palepale mbele yake, na Dada akanipangusia machozi kwa ncha ya kanga yake, huku mwenyewe yanamtoka.

Rukia leo anasomesha, na mkufu anauvaa Idi zote. Dada bado anakanda, wala sikumwomba aache, maana kwa wazazi wengi mikono ile ni rehema. Mimi nimestaafu. Wakuu wangu wameshatangulia, Mungu awarehemu, na vidole vyangu sasa vinakakamaa asubuhi kama vya wagonjwa niliokuwa nawachovya kwenye nta.

Juzi nililala Vitongoji. Dada aliamka kabla yangu, akaja na beseni la maji moto kwa ajili ya mikono yangu. Nikainyoosha nitie.

“Ngoja,” alisema. Akaviweka vidole vyangu juu ya goti lake, akavigusa kwa mgongo wa mkono, kimoja kimoja. Kisha akavigusa tena.

“Haviwaki,” alisema. “Haya, tia.”