Kijivu cha Bosi

Kazini walimwita Bi Wino, na si kwa mapenzi. Dada yangu hutengeneza tovuti, na kila akiletewa ukurasa wenye maandishi yaliyofifia husema, "Haya yatiwe wino." Wenzake hucheka. Mimi sicheki tena.

Mapazia ya ofisi yao hayafunguliwi. Bosi anapenda giza, eti rangi zionekane vizuri, na kila ukurasa huidhinishwa kwenye skrini yake kubwa kama mlango wa kabati. Humo gizani hata utando wa buibui ungesomeka. Watu wa nje wanasoma juani, kwa simu zenye nyufa, mkono wa pili umeshika mkoba, lakini hao bosi hana habari nao.

Walipopata kazi ya hospitali ya macho, bosi akachagua maandishi madogo yawe ya kijivu hafifu juu ya nyeupe. Dada akakipima. Kuna programu inayopima jinsi maandishi yanavyotofautiana na rangi iliyo nyuma yake. Maandishi ya kawaida yanatakiwa yafike angalau nne na nusu kwa moja. Kijivu kile hakikufika hata mbili.

"Bosi, hawa ni wagonjwa wa macho," alisema. "Wa macho!"

"Bi Wino, punguza moto. Rangi hii imetulia. Nyeusi inapiga kelele."

Dada akashindwa. Tovuti ikatoka na kijivu chake.

Na nani alikuwa kwenye foleni ya upasuaji ya hospitali ile? Baba yetu. Mtoto wa jicho alikuwa amemkaa macho yote mawili, na tulishazoea kumshika mkono kwenye ngazi. Mzee huyu amefundisha darasa la kwanza maisha yake yote, kwa hiyo alikataa katakata kusomewa. Aliinua simu hadi puani, akasoma kwenye tovuti ile tarehe yake, saa na jengo, vyote kwa herufi nene za buluu. Chini yake kulikuwa na mstari mmoja wa kijivu. Siku ilipofika akanywa chai kwa mkate na yai, akavaa shati lililopigwa pasi, nikampeleka.

"Umekula, mzee?" muuguzi akauliza.

"Nimekula vizuri, mwanangu, nisije nikawaangukia humu ndani."

Muuguzi akajipiga paja. "Jamani! Si imeandikwa usile? Hujui kusoma?"

Mbele ya watu! Baba yangu ndiye wa kuulizwa hivyo! Nilitamani kuvunja kitu. Yeye akainamisha kichwa. "Samahani, binti. Ni uzembe wangu." Nafasi yake akapewa mwingine, naye akarudishwa mwisho wa foleni.

Nikamsimulia dada. Asubuhi iliyofuata aliingia ofisini, akafungua mapazia yote, akamsogeza bosi dirishani na kumtia simu mkononi.

"Nisomee masharti ya mgonjwa."

Bosi akakunja uso. Akaisogeza simu mbali, akaisogeza karibu, akaikinga kwa kiganja. "Jua linasumbua."

"Jua halikuanza leo kuwaka," dada akamjibu, akaketi na kubadilisha rangi bila ruhusa ya mtu. Bosi hakumzuia. Wala hakuomba radhi, na hilo bado limenikaa rohoni.

Jioni dada alimkuta baba amekaa mlangoni, akampa simu. Baba akasoma taratibu, kwa sauti yake ya darasani: "Usile wala usinywe chochote asubuhi ya upasuaji."

Akapitisha kidole juu ya maneno yale. "Huu mstari ulikuwepo siku zote?"

Dada akajifuta machozi.

"Ulikuwepo, Baba," nikasema mimi.

"Na mimi nikamwambia yule binti ni uzembe wangu."