Kobe Aliendesha, Punguzo Akapewa Bibi

Anayeandika habari hii hajawahi kugonga gari la mtu, wala kukwaruza ukuta, wala kusimamishwa na trafiki, tangu azaliwe hadi nywele zikageuka pamba. Rekodi yake imetakata kama sahani ya mgeni. Ila tuambizane ukweli: usukani wenyewe hajawahi kuushika. Na kama unadhani rekodi ya namna hiyo haina bei, ngoja usikie ya bibi yake Kobe.

Asubuhi hii Kobe anapakia trei za mwisho za mayai kwenye gari lake dogo jeupe, lile la mlango wa kusukuma ubavuni. Kila trei anaiweka kama anayelaza kichanga kilichosumbua kupata usingizi. Katikati ya trei anachomeka vipande vya godoro chakavu. Kisha anaingia, anafunga mkanda, anatazama vioo vyote, na gari linaondoka taratibu mpaka paka aliyelala uvunguni anapata nafasi ya kujinyoosha kwanza.

Ni binti wa miaka ishirini na mitatu. Jina la Kobe hakupewa na wazazi, alipewa na madereva wa malori wanaokwama nyuma yake.

"We Kobe, kwani umebeba mgonjwa?" mmoja anapaza sauti kwenye tuta la kwanza.

"Nimebeba watoto hawajazaliwa, baba! Pita!"

Mayai, anasema, ndiyo yaliyomfundisha kazi. "Mwalimu wa udereva anakusamehe. Yai halisamehe."

Wiki nzuri, akishamlipa mfugaji na kujaza mafuta, kinachobaki kinatosha chakula, umeme na akiba ya kushikia mfukoni. Wiki ya mvua, mashimo yakijificha chini ya maji, trei mbili zikipasuka tu faida ya siku imekwenda, na nyumbani watakula kimanda mpaka wakaribie kuota manyoya.

Nyumbani ni vyumba viwili anavyoishi na bibi yake mzaa mama, mpishi mstaafu wa shule. Gari alilinunua Bibi kwa kiinua mgongo chake. Bibi humwita mjukuu "mke mwenzangu," na wake wenza hao hawajawahi kugombania kitu zaidi ya rimoti.

Bibi ana leseni ya udereva. Usicheke. Marehemu mumewe ndiye aliyemfundisha ujanani, akafaulu, na siku ileile akaingiza gari kwenye banda la kuku. Tangu hapo usukani hakuugusa tena. Lakini leseni huihuisha kila inapokwisha muda wake.

"Leseni ni kama cheti cha ndoa," anasema Bibi. "Mume kafa, cheti hutupi."

Cheti hicho ndicho kilicholeta mambo.

Miaka mitatu iliyopita, wawili hao walipanda ngazi za ofisi ya wakala wa bima, juu ya duka la kinyozi, ngazi zinazonukia poda. Wakala ni mzee wa makamo anayetembea na mwavuli hata jua likichoma lami. Watu wamemwita Mwavuli mpaka yeye mwenyewe ameandika hivyo mlangoni.

Walitaka bima kubwa, ile inayolipa hata gari lako likiharibika, si la yule uliyemgonga tu. Mwavuli akapiga hesabu ya dereva wa miaka ishirini ambaye hajawahi kuwa na bima, akageuza kikokotoo wakione. Kobe alidhani kimeharibika.

"Mbona kama mnaniuzia gari lingine?"

"Si wewe, mwanangu, ni rika lako," alijibu Mwavuli. "Vijana wanagonga sana. Wewe kampuni haikujui, inawajua wenzako. Sasa jitahidi ikujue. Ukimaliza mwaka bila kudai malipo, mwaka unaofuata bei inapungua. Ukimaliza wa pili, inapungua zaidi. Hilo linaitwa punguzo la kutodai. Waliovumilia miaka mingi hulipa hata nusu. Ila ukidai mara moja tu, unarudishwa ngazi kadhaa chini, uanze kupanda tena."

Bibi, pochi mapajani, alimkanyaga mjukuu chini ya meza.

"Niandike mimi," alisema. "Gari ni langu, leseni ninayo, na umri ninao wa kumwaga. Huyu mjukuu muweke msaidizi. Ataendesha mara mojamoja, siku miguu ikiniuma."

Bei ikashuka karibu nusu. Na miguu ya Bibi ikauma miaka mitatu mfululizo.

Kobe hakuona ubaya. Gari ni lilelile, nyumba ni ileile, na kila mwaka karatasi mpya ilipokuja bei ilikuwa imepungua. "Nilidhani punguzo linakaa kwenye gari," anasema, "kama vumbi."

Mwaka jana, akirudi kinyumenyume nyuma ya duka moja la jumla, aligonga nguzo. Taa ya nyuma ikavunjika, bati likabonyea, na mayai yaliyokuwemo ni afadhali tusiyazungumze. Bima ingelipa. Lakini kudai kungelishusha punguzo, na Kobe akaona bora aumie mara moja kuliko kuumia kila mwaka. Akampelekea gari fundi bodi, akamlipa mwenyewe karibu pato lake la mwezi mzima. Viatu vipya alivyokuwa anunue akaviacha, akapeleka vya zamani kwa fundi viatu, kwa mara ya tatu.

"Nilitembea navyo najisikia mtu mzima," anasema, anacheka kidogo. "Nilikuwa nalilinda punguzo langu."

Kumbe alikuwa analea mtoto si wake.

Siri ilifumuka mwezi huu, na iliyoifumua ni neema. Mwanamke mmoja mwenye tanuri kubwa la mikate, mteja wake wa mayai wa siku nyingi, alimwita pembeni. Alitaka Kobe awe anambebea mikate kila asubuhi, kwa mkataba wa mwaka. Mayai na mikate vikikaa gari moja, pato la Kobe lingekuwa mara mbili.

Lakini Mama Tanuri ana sharti. Dereva wake wa kwanza alikuwa na bima iliyoandikwa jina la mjomba. Alipogonga, kampuni ikagundua kwamba mjomba mwenyewe anaishi mji mwingine na anatembelea baiskeli. Hakuna aliyelipwa hata senti, na Mama Tanuri akabaki na mikate njiani na kesi mlangoni.

"Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka," alimwambia Kobe. "Niletee bima yenye jina la anayeshika usukani. Mwezi usiishe. Ukishindwa, mwanangu, usinichukie, nitatafuta mwingine."

Kobe akapanda ngazi za poda moyo ukiwa baridi. Akajibwaga kitini.

"Nataka bima kwa jina langu. Na miaka yangu mitatu naomba uihesabu."

Mwavuli akatazama kompyuta, kisha akamtazama yeye.

"Mwenye miaka mitatu ni bibi yako. Wewe huna hata mmoja."

"Lakini aliyekuwa anaendesha ni mimi!"

"Hilo usilipigie kelele, mwanangu. Hilo ndilo kosa lenyewe."

"Na wewe mbona uliandika?"

"Niliandika nilichoambiwa. Nilimuuliza bibi yako dereva mkuu nani, akasema ni yeye. Ningemwambia mtu mzima mwongo?"

Kisha akamweleza polepole, kama anayemtoa mwiba. Punguzo ni la mtu, si la gari. "Gari ni nguo, unaweza kuvua ukampa mwenzio. Punguzo ni ngozi. Bibi yako akinunua gari lingine kesho, anakwenda nalo." Na kuna baya kuliko hilo. Siku Kobe angegonga mtu, kampuni ingeweza kukataa kulipa, kwa sababu iliuzwa dereva mmoja ikapewa mwingine.

Kobe anaposimulia hapa, mikono imeacha kufanya kazi. Yuko nyuma ya duka la mteja, trei moja tupu kwapani.

"Bei haikuniogopesha," anasema. "Niliwakumbuka wale watoto wanaovuka barabara pale shuleni, wanakimbia bila kuangalia. Miaka mitatu napita pale nikijua nyuma yangu kuna bima. Kumbe nyuma yangu kulikuwa na karatasi. Ningemgonga mmoja, mama yake ningemwambia nini? Kwamba miguu ya bibi ilikuwa inauma?"

Njia moja ilikuwepo, nyembamba. Kwa kuwa Kobe alitajwa kama msaidizi, na gari halijawahi kudai, kampuni inaweza kumfikiria isimpange na wageni kabisa. Lakini mwenye bima lazima aseme kwa kinywa chake nani hasa alikuwa anaendesha. Mwavuli hakuahidi kitu.

"Wanaweza wakampa mwaka mmoja, wanaweza wasimpe," anasema. "Ninachojua ni kwamba ukweli unaoletwa na wenyewe haufanani na ukweli unaochimbuliwa baada ya ajali."

Ikabaki kumwambia Bibi.

Bibi alikataa katakata. Alikataa akimenya vitunguu, akakataa akipanguza machozi ya vitunguu, na mwishowe haikujulikana machozi yapi ni ya nini.

"Punguzo la asilimia thelathini na tano!" alisema. "Miaka yote nimepika uji wa watoto wa watu, hakuna aliyenipa cheti hata cha kukoroga. Leo kampuni imeandika kwamba mimi ni dereva safi, imepiga na muhuri, unataka nikairudishie?"

"Bibi, hujaendesha."

"Ndiyo maana sijagonga!"

"Siwezi kuwa msaidizi mpaka nizeeke."

"Utakuwa msaidizi mzee. Kuna ubaya gani? Na wakinifunga je? Jela wanapika bila chumvi, nimesikia."

Kobe alichukua kisu, akaanza kumenya upande wake. Alijua kwamba bila lile gari la Bibi asingekuwa na mayai, wala mikate, wala ugomvi wenyewe. Alijua pia kwamba Bibi haogopi jela. Anachoogopa ni kunyang'anywa sifa pekee aliyowahi kuandikiwa.

"Sina hasira naye," anasema sasa, akipanga trei tupu garini. "Alinibeba kwa jina lake nilipokuwa sina langu. Ila nimeshakuwa mzito."

Mpango wake ameshaupanga. Kampuni ikikubali mwaka mmoja, sawa. Ikikataa, ataanza chini kabisa, alipe bei ya wageni kwa mafungu, na mkataba wa mikate utamshika mkono.

"Bora sifuri yangu kuliko thelathini na tano ya kuazima," anasema. "Nikivumilia miaka mitano nitakuwa na punguzo langu mwenyewe. Halafu nitanunua gari la pili, nitamwajiri binti mwenzangu, na jina lake nitaliandika pale juu kabisa, kwenye dereva mkuu. Asije akalea cha mtu."

Lakini kwanza Bibi aseme. Na siku ya kusema ni leo, maana mchana Mwavuli anakuja kukagua gari kabla ya kuandika bima ya mwaka mpya.

Anafika na mwavuli wake, ingawa mbingu haina hata kiwingu. Bibi anamsubiri mlangoni. Amevaa miwani ya jua ya Kobe na raba za Kobe, zimebana. Ufunguo wa gari unaning'inia kidoleni, unalia chiling, chiling.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, kijana. Pita."

"Sikai, mama. Nina swali moja tu, na jibu lolote nitaliandika. Nani anaendesha gari hili kila siku?"

Kobe anamtazama Bibi. Bibi anatazama paa la jirani.

"Mimi."

"Kila siku?"

"Hata leo nimetoka nalo, nimesambaza mayai yote. Trafiki wananijua, wananipigia saluti. Huyu hapa ni msaidizi tu, ananisaidia kufunga lango."

Kobe anafumba macho. Mwavuli habishani. Analizunguka gari, anainama, anakuna kichwa. Limeegeshwa kinyumenyume, limekaribia ukuta, na yeye anataka kuiona ile taa iliyotengenezwa.

"Basi mama, kwa kuwa ni wewe, nisogezee mbele kidogo."

"Hilo tu?" anasema Bibi.

Anatoka kifua mbele. Anafungua mlango kwa mkono mmoja, anaingia, anaukunja mguu wa kwanza, anaukunja na wa pili. Anaweka pochi mapajani. Anavuta mkanda bila kuutazama, anaufunga kwa mlio mmoja, mkono wa mtu aliyezoea miaka. Anarekebisha miwani, anatulia, anatazama mbele kama bibi harusi anayesubiri kupelekwa.

Usukani uko kule, upande wa pili, hauna mtu.

Mwavuli anasubiri. Kobe anasubiri, mkono mdomoni. Gari liko kimya.

Bibi anashusha kioo, amekereka.

"We mke mwenzangu, umesimama hapo kama nguzo ya nini? Ingia uliwashe, mgeni anasubiri!"