Ukuta Aliopaka Rangi Bibi

Mwaka mzima mtu mmoja alikuwa akinambia nipaze sauti, kisha mtu huyo huyo akaja nyumbani kwetu kunambia niipunguze. Naanzia hapo kwa sababu hasira yangu ilianzia hapo.

Ni Muingereza, mtu mzima wa miaka sitini na kitu, nywele zimesimama kama kaamshwa sasa hivi. Kwao alikuwa akiongoza michezo ya jukwaani, miaka thelathini na zaidi, kwenye kumbi ndogo ndogo ambazo, mwenyewe anasema, watu huingia kukimbia mvua. Maskati alimfuata mkewe aliyepata kazi ya udaktari, na kwa kuwa hawezi kukaa bure akaanzisha darasa la maigizo pale skuli kwetu, Jumatatu baada ya masomo. Mimi nilijiunga nikitegemea kukaa nyuma nitazame wenzangu. Akaniona. Akanipa kazi ya kukaa nyuma ya pazia na karatasi za mchezo, anayesahau maneno nimnong'oneze. Michezo miwili nimefanya kazi hiyo. Maneno ya kila mtu nayajua, na hakuna aliyewahi kuniona.

"Siku utakayosikika mstari wa mwisho wa viti," aliniambia, "una sehemu yako kwenye mchezo unaokuja."

Basi nikajizoeza. Tunakaa Al Amerat, nyuma ya milima ya Maskati, na asubuhi baba hunipeleka skuli kwa njia ile ya kupanda mlima. Nikawa nafungua dirisha la gari napiga kelele maneno ya mchezo. Baba naye ana subira, ila siku moja alinambia, "Polepole, mama. Huyo wa gari la mbele anadhani twamgombeza."

Mwezi wa pili mwalimu akatukusanya akatangaza kwamba mchezo haupo tena. Anatengeneza filamu, yake ya kwanza.

"Mchezo wa jukwaani ukimalizika umekwisha," alisema. "Miaka thelathini ya kazi yangu, nendeni mkaitafute, hamtaiona popote. Nataka kitu kimoja kinachobaki."

Wenzangu wakapiga makofi. Mimi nilikuwa nahesabu mistari ya viti mle ukumbini. Ipo kumi na minne. Nilikuwa nimeshafika wa kumi na mbili.

Kwenye filamu nilipewa sehemu, lakini sijidanganyi, alichokuwa akikihitaji ni bibi yangu. Hadithi ya filamu ilikuwa ya msichana anayemuaga bibi yake kwenda kusoma nchi za mbali. Alipokuja kwetu kumuona bibi, aliingia chumbani kwake akasimama kama aliyeingia makumbusho. Ukuta wa kijani uliopauka, mapazia yenye viraka, alama nyeupe palipokuwa pakiegemea kabati zamani. Akasema hapa hapa, msiguse kitu. Hilo la msiguse nilimtafsiria bibi, naapa. Bibi akajibu, "Mwambie akaribie kahawa."

Jumamosi ya kwanza tulipiga kipande changu kifupi, pale msichana anapoleta habari. Natakiwa kusema, "Bibi, nimekubaliwa," na bibi anaendelea kuchagua mchele. Nikasema kwa sauti ya mstari wa kumi na mbili. Bibi akamwaga mchele.

"Kidogo," mwalimu akanambia.

Nikapunguza.

"Kidogo zaidi."

Nikapunguza tena. Yeye mwenyewe alikuwa akipiga makelele "Anza!" mpaka paka wa jirani akakimbia. Mpiga kamera, kijana wa Matrah mwenye maneno machache, akamwambia, "Mwalimu, kamera haina mstari wa mwisho. Ipo shibiri moja na uso wake." Mara ya tisa tukapata. Jumamosi ya pili ndiyo ingekuwa yangu hasa, siku ya kuaga, msichana anasema maneno ukurasa mzima na bibi kanyamaza. Huo ukurasa niliulala na kuuamkia. Nilitaka mara moja tu mtu anitazame mimi nikisema mpaka mwisho.

Jumapili yake bibi akamwita mama.

"Mtu kaja kwangu kaona mapazia ya viraka. Jumamosi anarudi na watu wake. Nimkaribishe vile vile palivyokuwa? Si atasema hawa hawana hata haya!"

Jumanne akaja fundi wa rangi. Nilikuwepo. Niliona makopo yakishushwa mlangoni, nikaona ile kijani ikiondoka, inaingia rangi ya samli. Nikamwambia bibi, kwa ile sauti yangu ya nyuma ya pazia, "Bibi, ile ya zamani ilikuwa nzuri."

"Nzuri ya wapi! Imekaa kama maji ya dengu."

Nikamwandikia mwalimu ujumbe kwenye simu, nikaona nitamuaibisha bibi, nikafuta. Nikaandika tena, nikafuta. Jumatano mama kaleta mapazia mapya kutoka sokoni Matrah, yana nyuzi za dhahabu. Alhamisi kikaja kioo, likaja na zulia. Mimi bado nafuta.

Jumamosi mwalimu kafika mlangoni kwa bibi, kasimama.

"Ukuta uko wapi?" akaniuliza.

Bibi kakaa kitandani, kavaa kanga mpya, anasubiri kusifiwa. "Anasemaje?"

"Anasema pazuri sana."

"Mbona uso wake kama kameza ndimu?"

"Mwambie huu ni msiba," mwalimu akasema.

"Anasema hakutegemea," nikamwambia bibi.

"Ahlan wasahlan! Mwambie akae, mapishi yako njiani."

Mpiga kamera alizunguka chumba kizima, kisha akasema kwamba picha za wiki iliyopita haziwezi kuunganishwa na za leo, mtu atadhani bibi kahama nyumba. Na kamera ni ya kukodi, inarudi jioni, muda wa kurudia yote haupo. Mwalimu akakaa juu ya zulia jipya, akanywa kahawa vikombe vitatu. Mara akaanza kucheka peke yake. Jukwaani, akasema, kila siku ukuta unapakwa upya na hakuna anayeuliza, na yeye kaja kutafuta kinachobaki kwenye nyumba ya mwanamke ambaye habakishi kitu. Kisha akasimama, macho yamemuwaka.

"Nimepata! Msichana ameshaondoka. Bibi kabaki peke yake, kapaka chumba rangi. Ni bora zaidi kuliko nilivyoandika!"

"Na kuaga?" nikauliza.

"Hakuna kuaga. Wewe huonekani tena."

Alisema kwa furaha, kama mtu anayenizawadia. Nami nikaitikia kwa kichwa, ndiyo mwalimu, sawa mwalimu. Huo ndio ugonjwa wangu.

"Nenda jikoni umpigie bibi simu," akaniamuru. "Wewe uko mbali, yeye yuko hapa. Muulize chochote, usiigize. Ila sauti nataka imfikie."

Jikoni mama alikuwa akigeuza sambusa. Nikasimama karibu na friji nikapiga. Ukurasa wangu mzima nilikuwa nao kichwani na hapakuwa na mahali pa kuuweka.

"Allo," bibi akaitika, kana kwamba kweli niko ng'ambo.

"Bibi, kwa nini umepaka rangi chumba?"

"Nna wageni, mwanangu. Mgeni aje mara ya pili nimuoneshe ukuta ule ule?"

"Ndiyo, bibi. Ule ule! Alikuja kwa ajili ya ule ukuta!" Mama aligeuka na mwiko mkononi. "Umeniharibia, bibi. Nilikuwa na maneno ukurasa mzima leo, wiki nzima nayasoma, na sasa sionekani tena!"

Nilisikia sauti yangu mara mbili, kwenye simu na ikirudi kutoka chumbani kwa bibi, vyumba viwili kutoka hapo.

"Si ungenambia?" bibi akasema. "Kutwa u mlangoni watazama chumba kinapakwa. Ungesema neno moja, fundi ningemrudisha na makopo yake."

Nilikuwa nimesema, lakini kwa sauti ambayo hata mimi nisingeihesabu.

"Basi njoo," akasema. "Njoo uniambie hayo maneno yako, nayataka."

"Kata!" mwalimu akapiga kelele huko chumbani, akaja mbio jikoni, macho mekundu. "Kasema nini? Kasema nini mwishoni?"

Mama akampa sambusa. Nami nikamtafsiria maneno yetu yote, ya bibi na yangu, ukuta na maji ya dengu na ujumbe niliokuwa nikiufuta wiki nzima, bila kupunguza hata moja. Nilipomaliza nikamwacha na sambusa yake nikaenda kwa bibi, nikasimama mbele ya pazia la dhahabu, nikaanza ukurasa wangu tangu juu. Kamera ilikuwa inafungwa kwenye sanduku.